Chumba Kinachorudisha Sauti

Jumamosi, 3 Mfunguo Saba 1327

Watoto thelathini na tisa. Wawili wana homa, mmoja amekwenda Mtwapa kwa bibi yake. Nimefungua chuo jua linachomoza, nimefunga adhuhuri, na kichwa kinaniwanga mpaka sasa. Mwezi wa pili huu katika chumba kipya. Bado sijakizoea. Sitakizoea.

Kipya kwa jina tu. Ni ukumbi uleule wa nyuma wa nyumba ya baba, niliofundishia watoto wa watu miaka ishirini na miwili. Salim, ndugu yangu mdogo, ndiye aliyeutengeneza upya. Boriti zililiwa na mchwa, hilo kweli. Lakini boriti zikiliwa hubadilishwa boriti. Yeye alibomoa dari nzima ya mawe akaezeka mabati. Akaziba zidaka zote za ukutani tulimoweka misahafu, akapiga lipu kuta zikang'aa. Akamwaga sementi chini. Mikeka akaitoa, ati inanuka watoto, akaleta mabenchi. Salim ni karani Kilindini, na anataka kila chumba kifanane na hicho anachokalia yeye.

Nikikohoa humo, kikohozi kinanirudia.

Jumatatu, 5 Mfunguo Saba

Leo nimesema "Rudi" mara moja, wakarudi watoto watano. Aliyekosea hakuwamo.

Naandika ili nijieleze mwenyewe, maana nikimweleza Salim anatazama saa yake. Chuoni kila mtoto husoma pake. Huyu yumo katika alifu na bee, yule juzuu ya kumi, mwenzake anakaribia kumaliza. Wote kwa pamoja, wote kwa sauti. Mgeni husikia zogo. Mwalimu hasikii zogo. Mimi hukaa mikono ikishona kofia, macho kwenye sindano, na mtoto akikosea irabu moja huko pembeni namsikia kama mtu aliyejikwaa njiani. Nasema "Rudi," bila kuinua kichwa. Mwenye kosa anajijua, anarudi. Ndivyo alivyonifundisha marehemu mama, na ndiyo kazi ninayoijua duniani.

Sasa sauti zinapanda juu zikigonga mabati, zinashuka, zinagonga sementi, zinapanda tena. Herufi ya mtoto wa kwanza haijafa, ya pili imeshaikalia mgongoni. Uji mtupu. Nimeacha kushona. Leo nilijidunga sindano mara tatu.

Jumatano, 7 Mfunguo Saba

Mvua ya masika juu ya mabati. Hakusikika mtu wala jini. Nimewaacha waende nyumbani saa tatu.

Jumamosi, 10 Mfunguo Saba

Nimemwambia Salim chumba kina mwangwi. Akasema niwaambie watoto wapunguze sauti. Mtoto wa chuo anaposoma kwa kunong'ona anasinzia, tangu zama za babu zetu. Akasema basi niwachape. Nimekaa kimya nisije nikamchapa yeye.

Akaniletea Fundi Athmani, aliyepiga lipu, anihakikishie. Fundi akapitisha kiganja ukutani kama anampapasa ng'ombe wake. Ukuta laini hivi, akasema, hauna mwenzake Mombasa nzima. Nikamuuliza habari ya sauti. Akanitazama kama nimemuuliza bei ya samaki. Yeye fundi wa chokaa, sauti si yake.

Khitima ya Mwanasha, ya kuhitimu msahafu, ni Alhamisi. Nimemfundisha tangu ana miaka sita. Amesoma msahafu mzima na hajafika miaka kumi na miwili. Mamake, Bi Tima wa Kibokoni, ameshaalika nusu ya wanawake wa mji. Huyu ndiye mtoto anayenifanya niamke alfajiri kwa furaha, na hilo sijapata kumwambia mtu.

Alhamisi, 15 Mfunguo Saba

Sijui niandike vipi.

Nyumba ya Bi Tima ilijaa mpaka baraza ya ndani. Udi, asumini, halua, kahawa. Mwanasha amevaa kanzu ya hariri, mikono ina hina, mbele yake msahafu juu ya marfaa. Akaanza. Sauti kama uzi mmoja. Wanawake wakatulia.

Kuna sura yenye aya mbili ambazo miisho yake inafanana. Msomaji mzembe hufika mwisho wa ile ya kwanza akatokea kwenye ya pili, akaruka yote yaliyo katikati. Mwanasha si mzembe. Akaruka. Hakusita hata kidogo. Aliruka kama mtu anayepita njia anayoipita kila siku.

Nilimsikia vizuri, maana nyumba ya Bi Tima ina boriti na mazulia. Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, bibi mmoja mkongwe kutoka Kuze akasema kwa sauti: "Rudi, mwanangu. Umeruka." Mwanasha akarudi. Akaruka tena, palepale. Mara ya tatu akaanza kulia.

Wanawake hawakumtazama yeye. Walinitazama mimi.

Bi Tima alinisindikiza mpaka mlangoni kwa heshima zote. Akasema mtoto amekuwa akisoma hivyo kila siku, chuoni, mbele yangu, na yeye mama hajui kusoma, alimwachia mwalimu. Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 16 Mfunguo Saba

Salim amekuja baada ya sala ya Ijumaa. Habari imeshafika msikitini, bila shaka. Akakaa kitako, akavua kofia, jambo ambalo hulifanya akiwa na neno zito. Akaanza mbali, akapita habari za mvua, za meli, za bei ya mchele. Nikamwambia aseme.

"Dada, umri umefika," akasema. "Masikio yamechoka. Si aibu."

Nina miaka hamsini na mmoja. Nikamwambia masikio yangu hayana neno, kilichooza ni chumba chake. Akasema chumba ni kizuri, kila aliyekiona amekisifu. Nikamwambia waliokisifu walikiona, hawakukisikiliza. Akacheka kidogo. Sijapenda kicheko kile.

Ndiyo hivi: mwezi ukiandama, chuo atapewa binamu wa mkewe, mwalimu kijana wa Malindi. Mimi nitapumzika. Nitapumzika nifanye nini? Nihesabu mabati?

Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Jumapili, 18 Mfunguo Saba

Mwanasha hakuja chuoni jana wala leo. Mahali pake kwenye benchi pamebaki wazi. Nimetuma salamu, zimerudi salamu.

Nimefikiri usiku na mchana. Nikisema ni chumba, wananiona mzee anayetafuta kisingizio. Chumba sitakibeba nikawatembezee watu nyumba kwa nyumba. Lakini naweza kutengeneza kidogo.

Nimechukua debe tupu la mafuta ya taa, nimelisugua kwa majivu. Hilo ndilo chumba cha Salim: bati juu, bati chini, laini pande zote. Nimechukua sanduku la mbao la ukubwa uleule. Hilo nitalifanya ukumbi wa zamani. Ndani nataka kitu kinachosema bila kuchoka na bila kubadilisha sauti. Mtoto hafai. Nikaikumbuka saa ya mfukoni ya marehemu mume wangu.

Nimeitia debeni, nimefunika, nimetega sikio penye kitundu. Ilipiga kelele kama fundi mabati. Sandukuni ikapungua kidogo tu. Nikafurahi, kisha nikaona nimejifurahisha bure. Saa moja ni mtoto mmoja. Mtoto mmoja hata kwenye chumba cha Salim namsikia. Shida yangu ni watoto wengi.

Nahitaji saa nyingine.

Jumatatu, 19 Mfunguo Saba

Nimechukua saa ya Salim. Alikuwa analala mchana. Mkewe, wifi yangu Zena, aliniona, akageuza uso. Zena mtu mwema. Amesoma kwangu alipokuwa mdogo na mpaka leo hawezi kunikatalia.

Ya marehemu inakwenda polepole, ya Salim ina haraka kama mwenyewe. Debeni zote mbili pamoja: uji. Nimesikiliza mpaka shingo ikakaza, sikuweza kuzitenganisha. Sandukuni, mbao tupu: uji mwepesi zaidi, lakini uji. Nikatandika kipande cha mkeka chini. Ah. Nikapachika vipande vya mkeka mbavuni. Hapo hapo nikazisikia mbili. Hii hapa, ile pale. Ningeweza kumwambia mmoja wao "Rudi."

Nimecheka peke yangu jikoni. Mpishi akachungulia.

Salim ameamka, ametafuta saa nyumba nzima. Nimeirudisha. Amesema nimeanza kupotewa na akili pia. Basi amejumlisha.

Jumanne, 20 Mfunguo Saba

Kichwa kigumu. Nimemsikilizisha Salim debe na sanduku. Akasikiliza akiwa amesimama, mguu mmoja nje. Akasema zote sawa. Akasema saa ni saa. Nikamwambia ainame vizuri. Akasema atachafua kanzu.

Zena akainama bila kuambiwa. Akasema debeni zimegombana, sandukuni zinazungumza kwa zamu. Salim akamwambia asinitie maneno kinywani.

Mtu asiyetaka kusikia huwezi kumpa masikio. Nimechoka na wanaume wanaojua.

Jumatano, 21 Mfunguo Saba

Nimekusanya maganda ya viberiti mtaa mzima. Nimeyapanga sandukuni kwa gundi ya unga, midomo wazi, safu kwa safu. Ndizo zidaka zangu. Bila mkeka, kwa zidaka peke yake, sauti haikupungua kama nilivyodhani. Ilibadilika. Ukali uliondoka, lakini uji ukabaki. Nikakasirika na viberiti, maana nilikwisha kumlaani Fundi Athmani kwa kuziba zidaka. Ikabidi nimlaani na aliyeitoa mikeka pia. Zidaka na mkeka pamoja ndivyo vilivyofanya kazi.

Watu walitandika mikeka wakae. Zidaka walichimba waweke vyombo na misahafu. Hakuna aliyefikiri sauti. Ndio maana hakuna aliyejua alichokuwa anakitoa.

Alhamisi, 22 Mfunguo Saba

Chuo nusu siku. Nilikuwa uani, kifuniko cha sanduku la nguo la bati kimelala chali, mvua imekijaza maji kina cha kidole. Ukingo wa paa ukadondosha tone katikati. Duara likatoka, likaenda mpaka ukingoni, likarudi. Likakutana na duara la tone la pili. Maji yote yakachafuka.

Nimesimama mvuani nikitazama kama mtoto. Hiki ni chumba cha Salim. Pembe nne, ukingo laini, na kila kinachokwenda kinarudi.

Nikakimbia kuleta mawe ya ukutani, yale ya matumbawe yaliyobomolewa, bado yamerundikwa nyuma. Nikayapanga upande mmoja, meno meno. Duara likafika likavunjika vipande, likarudi limechoka. Upande wa pili nikalaza kipande cha mkeka, kimetelemka majini taratibu. Duara likapanda juu yake na halikurudi kabisa. Limekwenda. Limekufa.

Zena akaniletea mwavuli. Akasimama na yeye akatazama mpaka tukaloa wote wawili.

Ijumaa, 23 Mfunguo Saba

Salim anaamini macho yake. Basi nimempa macho.

Amekuja baada ya sala, nimemkalisha kitini, kanzu yake salama, kifuniko mbele yake. Nimemdondoshea tone moja kwa kijiko. Duara likaenda likarudi. Nikamwambia huyo ni mtoto mmoja. Nikadondosha matano haraka haraka. Maji yakachemka. Nikamuuliza, tone la tatu liko wapi? Akatazama. Akainama. Akasahau kanzu. Nikaweka mawe na mkeka, nikadondosha matano tena. Kila duara likaonekana, likaenda, likaisha.

Alichukua kijiko mkononi mwangu. Akadondosha mwenyewe. Akatoa mkeka, akarudisha, akadondosha. Mara nyingi.

"Kuta nimezilipia mimi," akasema. "Nilitaka uwe na chumba kizuri."

Hapo nikashindwa kukasirika, na hilo lenyewe liliniudhi. Nilikuwa nimejiandalia maneno makali juma zima.

Jumapili, 25 Mfunguo Saba

Fundi Athmani amerudi kufumua kazi yake mwenyewe. Uso umevimba. Kila kidaka anachokifungua anakitilia uchungu kama anang'olewa jino. Nimemwambia aache ndani pakwaruze. Amepiga lipu. Nimemwambia abandue. Amebandua, kisha nikageuka kunywa maji, amepiga lipu tena. Mkono wake hauwezi kupita penye kwaruzo.

Juu tumekubaliana kupachika dari ya magunia chini ya mabati. Makuti Salim hataki kusikia, ati mabati yake yatavaa kofia ya shamba. Magunia ameyaleta kutoka Kilindini, yananuka karafuu, Zena na mimi tumeshona mpaka vidole vimechubuka. Mikeka imerudi. Mabenchi yamehamia uani, kuku wanayapenda.

Mwanasha bado. Nimesikia mamake anataka kumpeleka chuo kingine akaanze upya. Nimelala vibaya.

Jumanne, 27 Mfunguo Saba

Nimeingia asubuhi, magunia yote ni meupe. Fundi ameyapaka chokaa nzito. Ameona magunia matupu ni aibu, akanisaidia. Yamekauka yamekuwa magumu, ukigonga yanalia. Nimepiga makofi chumbani. Makofi yamenirudia yote, na faida.

Nimetoka nje, nimezunguka kisima mara mbili, nimerudi. Nimemwambia ayatoe. Akauliza nini mbaya. Nikamwonyesha maji kwenye kifuniko, duara, mkeka, mawe, kila kitu toka mwanzo. Alitazama yote. Akasema, "Bi Rukia, kumbe miye nilikuwa napigia lipu sauti." Huyo ndiye wa kwanza aliyeelewa kwa maneno yake mwenyewe. Nikamwagizia chai na mahamri.

Jumatano, 28 Mfunguo Saba

Magunia mapya, hayana chokaa. Zidaka zimefunguka, misahafu imerudi ndani yake. Watoto thelathini na wanane kwenye mikeka. Wakaanza.

Alhamdulillahi.

Nilisikia alifu ya mdogo kuliko wote. Nilisikia mtoto wa muuza kahawa akimeza mada, pale pa kuvuta sauti. Nikasema "Rudi," akarudi yeye, peke yake. Hata mvua ilipopiga, ilikuwa mvua ya nyumba ya jirani.

Salim alisimama mlangoni na wazee wawili wa mtaa. Akawaambia mbele yangu kwamba dada yake hana neno, kosa lilikuwa la chumba, na chumba kilikuwa chake. Si maneno mepesi kwa Salim. Yule binamu wa Malindi ameandikiwa barua asije. Nimeshinda. Naandika neno hilo kwa wino wa kutosha.

Nimeshona kofia nusu nzima.

Alhamisi, 29 Mfunguo Saba

Baada ya kufunga chuo nilibaki peke yangu. Nilitaka kulisikiliza sanduku langu mara ya mwisho kabla sijabandua viberiti na kumrudishia Salim saa yake, ambayo safari hii alinipa mwenyewe. Nimelisukuma ndani ya kidaka kikubwa. Kitundu kikaangukia upande ambao kichwa changu hakiingii ila kwa kugeuka. Nikageuka, nikatega sikio la kushoto.

Kimya.

Nikamlaani Fundi Athmani. Vumbi la chokaa limeingia saani. Nikazitoa. Zote mbili zinakwenda, mishale inatembea. Nikaiweka ya marehemu sikioni, kushoto. Kitu chembamba sana, kama mdudu ndani ya ukuta. Nikaihamishia kulia. Ikapiga kama siku zote. Kushoto. Kulia. Sijui nilifanya hivyo mara ngapi.

Karibu majuma mawili nimeinamia debe na sanduku, nikawaambia watu wainame, nikawagombeza kwa kutosikia. Na kila mara niliinama kwa sikio la kulia, bila kujijua, kama mtu anavyolazia ubavu wake.

Kiti changu cha chuoni kinatazama mlango. Mwanasha alikaa kushoto kwangu, karibu na nguzo. Miaka mitatu hii ya mwisho, kushoto kwangu.

Nimekasirika na sina wa kumkasirikia. Nimewazoea watu wa kuwakasirikia, leo wote hawana kosa.

Ijumaa, 1 Mfunguo Nane

Mwezi umeandama. Salim ametangaza habari yangu msikitini kama ameshinda kesi. Majirani wameleta samaki wa kupaka, mmoja ameniomba nimtazamie chumba chake cha wageni. Nimepokea samaki. Nimesema ahsante.

Sikumwambia mtu. Chumba kilikuwa kibovu kweli. Ninaweza kunyamaza na nisiwe nimesema uongo hata mmoja. Nimeifikiri hoja hiyo tangu asubuhi, na kila nikiifikiri inanuka.

Jumamosi, 2 Mfunguo Nane

Kabla ya chuo nimemwambia Zena. Nimemwomba aje akae upande wa kushoto wa chumba kila asubuhi, asikilize watoto wa huko, na nisimpeleke mtoto yeyote kwenye khitima mpaka yeye pia amsikilize. Nimemwambia na sababu. Hakushangaa. Akasema alikuwa akijua tangu zamani, maana akinisemesha kushoto, mimi humjibu Salim, nikidhani ndiye aliyesema. Alinyamaza kwa adabu. Adabu ya nyumba hii itanimaliza.

Alasiri nimevaa buibui nimekwenda Kibokoni. Bi Tima akanikaribisha, akaleta kahawa, akabaki amesimama mlangoni. Mwanasha akatoka, akanibusu mkono. Amekonda. Nilimwomba msamaha. Watoto hawajazoea kuombwa, hakujua aweke wapi macho yake.

Nikamuuliza ile aya alianza kuiruka lini. Nilitaka aseme Mfunguo Tano, mabati yalipopanda. Nilitaka sana. Akafikiri, akasema tangu Ramadhani. Boriti zilikuwepo, na zidaka, na mikeka, kila kitu kilikuwa mahali pake. Alisoma hivyo kwa sauti kila siku, akangoja niseme rudi. Sikusema, akajua amepatia.

Nikafungua msahafu, nikamwambia tutasoma wote tena, sisi wawili, hapa kwao, tangu mwanzo mpaka mwisho, kila siku baada ya alasiri. Akakubali kwa kichwa. Akakaa kitako kushoto kwangu, palepale alipozoea.

"Hamia huku kulia," nikamwambia.

"Kwani huku pana nini, Mwalimu?"

Bi Tima alikuwa bado mlangoni, na Bi Tima akijua jambo alasiri, mji mzima unalijua kabla ya magharibi. Nikawaambia wote wawili kwamba sikio langu la kushoto halisikii, na sijui limeanza lini.

Mwanasha akachukua mkeka wake akanizunguka kwa nyuma. Akakaa, akasogeza goti mpaka likagusa langu, akaanza kusoma.